Chubwi Juu ya Paa la Notre-Dame

Mtoto yeyote aliyekulia pwani karibu na wavuvi ameiona risasi ikiyeyuka. Mzee anachukua vipande vyake, anavitia kwenye sufuria ambayo mama alishaikataa jikoni, anaiteleka kwenye jiko la mkaa na kuanza kupepea. Haipiti muda vipande vinalegea, vinakusanyika, na ndani ya sufuria mnabaki kitu kinachong'aa kama kioo na kucheza kama maji. Anakimimina kwenye tundu la mchanga, kikipoa amepata chubwi ya mshipi wake. Hapo hapana kiwanda wala mtungi wa gesi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, na jiko la mkaa lililopepewa vizuri hupita hapo bila kutoka jasho.

Niliikumbuka sufuria hiyo Desemba 2024, Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris lilipofunguliwa tena na kamera zikapanda kutuonyesha paa jipya. Watu waliona uzuri. Mimi niliona chubwi. Mabamba ya risasi yametandazwa tena juu ya kenchi za mwaloni, kama yalivyokuwa jioni ya tarehe 15 Aprili 2019. Uamuzi huo ulikuwa mbovu ulipopendekezwa, ukawa mbovu ulipopitishwa, na ni mbovu hata leo umeng'arishwa na kupigiwa kengele.

Sitawasimulia moto wenyewe. Mliuona. Mlimwona yule mnara mrefu ukiinama kabla ya saa mbili usiku na kukatika kama muwa. Ninachotaka ni kupitia kila kitu kilichokuwa ndani ya moto ule na jinsi kilivyojibu joto, maana huko ndiko hukumu iliko. Nimefundisha kemia ya maabara miaka mingi, na kama wanafunzi wangu wa zamani wananisoma wanajua nilichokuwa nikiwapigia kelele: andika rangi ikiwa moto, andika rangi ikiwa baridi. Oksidi ya zinki ni ya manjano ikiwa moto, ikipoa inarudi nyeupe. Anayeandika moja tu hajaona kitu.

Basi mawe kwanza, kwa kuwa mawe yalifanya kazi yao. Notre-Dame imejengwa kwa mawe ya chokaa, yaani kaboneti ya kalsiamu, ndugu wa damu wa yale matumbawe tunayoyapanga kwenye tanuu la chokaa Zanzibar na Lamu. Jiwe la namna hii likifika karibu nyuzi 300 huanza kuwa jekundu, kwa sababu chembe za chuma zilizomo ndani yake hubadilika. Likizidi hapo hupasuka magamba. Likikaribia nyuzi 900 huachia hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai, ile inayochemka ukiitia maji. Dari ya matao ilipikwa upande wa juu tu. Ilitoboka sehemu tatu, palipoangukiwa na mbao na mnara, na kwingine kote ikashika. Mafundi wa karne ya 12 na 13 waliijua kazi ya dari ile: paa likiwaka, moto ubaki juu. Ulibaki juu.

Zimamoto wa Paris, wakiongozwa na Jenerali Jean-Claude Gallet, waliingia mnara wa kaskazini na kuuokoa pamoja na kengele zake, hongera. Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, alishauri ndege zimwage maji kutoka angani. Wafaransa wakamjibu kwamba maji ya namna hiyo yangeweza kuliangusha jengo zima. Walikuwa sahihi. Mwagia jiwe la moto ndoo moja ya maji baridi uone.

Vioo vya rangi vilisalimika. Kinanda kikubwa hakikuungua, kilijaa vumbi la risasi tu. Twende kwenye kilichoharibu.

Mwaloni huanza kutoa gesi zake zinazowaka ukipita nyuzi 200 na kitu, na karibu na nyuzi 300 ukipata cheche unashika moto. Weka namba hiyo kando ya ile ya risasi, 327. Mbao za chini na bati la juu yake zinasalimu amri karibu kwenye nyuzi zile zile! Mpishi yeyote anajua kwamba kifuniko cha chungu kinatakiwa kistahimili zaidi ya kilicho ndani. Hapa kifuniko kinayeyuka wakati kuni ndiyo kwanza zinakolea. Kikishayeyuka, paa linatoboka, hewa inaingia, na moto uliokuwa ukifukuta darini unapata pumzi. Risasi nayo haikuondoka duniani. Ilitiririka kwenye matao, ikadondoka kutoka juu palipotoboka, ikaingia kwenye nyufa za mawe. Risasi haiungui kama mbao ikaisha. Inahama.

Nyote mliuona ule moshi wa manjano. Kuna mtangazaji mmoja alisema jioni ile kwamba risasi ilikuwa "inachemka". Haikuchemka. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, na moto wa mbao haufiki huko. Kilichotokea ni kibaya zaidi, kwa kuwa hakihitaji joto kubwa hivyo. Risasi iliyoyeyuka hula oksijeni usoni pake na kuvaa oksidi, na oksidi hiyo ni ya manjano. Chembe zake ndogo hubebwa na moshi. Mliowahi kupasha nitrati ya risasi kwenye mrija wa kioo mnakumbuka: inalia kama chumvi kwenye moto, inatoa gesi ya kahawia, na inaacha masalia yenye wekundu-kahawia yakiwa moto na manjano yakipoa. Ndiyo manjano ile ile, ila safari hii ilisambaa juu ya mji wenye mamilioni ya watu.

Paa na mnara vilikuwa na zaidi ya tani 400 za risasi. Julai 2019 kazi ya ukarabati ilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu mafundi hawakuwa na kinga ya kutosha dhidi ya vumbi lake. Shule za jirani zilipimwa, nyingine zikafungwa zisafishwe. Sehemu kubwa ya risasi ile ilibaki pale pale kanisani ikiwa imeganda, ni kweli, lakini risasi mwilini mwa mtoto haina kiwango cha usalama kinachojulikana, na mwili hauiondoi kirahisi. Baada ya hayo yote, ungetegemea mtu aliyekaa kwenye meza ya maamuzi aseme: risasi, hapana.

Sasa tuje kwenye meza hiyo.

Siku mbili baada ya moto, Waziri Mkuu Édouard Philippe alitangaza kwamba yatakuwepo mashindano ya kimataifa ya kubuni mnara mpya. Rais Emmanuel Macron alishaahidi miaka mitano. Kilichofuata mlikiona pia: paa la kioo, bustani juu ya kanisa, hata bwawa la kuogelea. Nilicheka kama wengine. Kicheko kile ndicho kilicholiharibu swali. Kuanzia hapo mjadala ukawa una pande mbili tu, ama vichekesho vya wabunifu ama "kama ilivyokuwa". Philippe Villeneuve, msanifu mkuu wa jengo lile, alisimama upande wa pili bila kuyumba, hata akagombana hadharani na Jenerali Jean-Louis Georgelin aliyekuwa akisimamia mradi. Tarehe 9 Julai 2020, tume ya taifa ya urithi na usanifu ilikaa, ikasikiliza, ikapiga kura. Wote kwa kauli moja: mwaloni, risasi, na mnara kama ulivyobuniwa na Viollet-le-Duc karne ya 19. Jioni hiyo Macron akakubali.

Kwa kauli moja! Nimekaa kwenye vikao vingi maishani, na kila niliposikia kauli moja juu ya jambo la ufundi nilijua kwamba fundi hakuulizwa, au aliulizwa swali lisilo lake. Swali la pale lilikuwa la sura: paa lionekaneje kutoka ng'ambo ya mto Seine? Kwa swali hilo risasi ni jibu zuri, ina rangi ya kijivu ya Paris. Swali la joto lilikuwa jingine, nalo ni jepesi kwa mtoto wa mvuvi: kitu gani kisiwekwe juu ya kuni?

Wana hoja zao, nami nitazitaja kwa haki. Ya kwanza ni uhalisi, kwamba paa lilikuwa hivyo tangu zamani. Lakini mnara wenyewe ni wa 1859. Ule wa zama za kati ulishaondolewa karne ya 18 ukiwa umechoka, na Eugène Viollet-le-Duc hakuurudisha kama ulivyokuwa, alibuni wake na kuurefusha. Kwa hiyo "kama ilivyokuwa" maana yake ni kama ilivyoamuliwa na mtu mmoja jasiri wa karne ya 19. Angekuwepo 2020, sidhani kama angenakili.

Ya pili ni uzito. Wanasema risasi ni nzito, na uzito wake unazikandamiza kuta zikae sawa dhidi ya msukumo wa matao. Hii ni hoja ya kihandisi na naiheshimu, lakini ina jibu lililosimama wima kilomita 90 tu kusini-magharibi ya Paris. Nitalifikia.

Ya tatu ni kwamba safari hii wameweka kamera za joto, vizuizi vya kugawa dari na mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji. Kazi nzuri. Ila hata 2019 king'ora kililia. Mashine iliona moto. Mlinzi akaenda kwenye dari ya jengo la pembeni, na karibu nusu saa ikapotea. Ukungu wa maji unahitaji pampu, pampu inahitaji umeme, umeme unahitaji mtu aliyekagua. Kiwango cha kuyeyuka hakihitaji mtu.

Niliwahi kufundisha shule moja, sitaitaja, ambayo jiko lake lilikuwa na paa la makuti juu ya mafiga ya kuni. Likaungua siku moja asubuhi, nashukuru hakuumia mtu, uji tu ndio uliopotea. Kamati ikakaa. Nikaomba mabati, au angalau mafiga yahamishwe nje. Likajengwa upya kwa makuti, mahali pale pale, kwa sababu makuti yalikuwa yameshalipiwa. Nilipoiona picha ya tume ile ya Paris niliyakumbuka mafiga yangu. Wao walikuwa na ahadi za michango zaidi ya euro milioni 800, kwa hiyo hata kisingizio cha makuti hawana.

Jirani zetu wa Uganda walipitia jaribu gumu zaidi. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliteketea Machi 2010, na pale nyasi si pambo, ni sehemu ya maana ya nyumba. Huwezi kuezeka kwa kingine ukabaki na Kasubi. Basi nyasi zikarudi. Notre-Dame haikuwa na kifungo hicho. Hakuna ibada inayodai risasi.

Najua seremala mmoja atanyanyua mkono aseme mwaloni mnene hauogopi moto. Ana ukweli wake. Boriti nene ikiungua hujivika mkaa, na mkaa ule huilinda; mwaloni hupoteza zaidi kidogo ya nusu milimita kwa dakika kila upande, kwa hiyo katikati hubaki mbao mbichi inayobeba mzigo. Ndiyo maana boriti nene moja hudumu kuliko chuma chembamba. Lakini kenchi za Notre-Dame hazikuwa boriti moja. Waliziita "msitu", na jina lilistahili: mialoni zaidi ya elfu moja iliyobanana, mikavu kwa mamia ya miaka, kila mmoja ukimwotesha moto mwenzake chini ya kifuniko kinachoyeyuka. Kijiti kimoja cha kuni hukupa moshi; tita hukupa moto.

Wengine watasema chuma nacho hulegea. Hulegea, na hili nimelipigania na watu kwenye mabasi: kwamba "chuma hakiungui" si sawa na "chuma hakidhuriki". Chuma cha ujenzi huyeyuka karibu nyuzi 1,500, lakini kikifika 600 hivi kinabaki na karibu nusu tu ya nguvu yake. Liangalieni lile jukwaa la mafundi lililouzunguka mnara, mabomba yapatayo 40,000: yalipinda, yakashikana, yakaning'inia juu ya kanisa kama mzigo wa pili wa hatari, na mafundi wakaanza kuyakata moja moja Juni 2020, kazi iliyowafikisha Novemba. Lakini nani aliyapika? Msitu. Chuma kwenye dari isiyo na kuni hakina wa kukipika.

Haya ndiyo waliyoyajua wazee. Chartres, ile ya kilomita 90, ilipoteza paa lake Juni 1836. Ilikuwa na msitu wake na risasi yake, vyote vikaenda. Mafundi wa wakati huo hawakuwa na kompyuta wala kamera za joto, na walikuwa na kila sababu ya kurudia cha babu zao. Wakaweka kenchi za chuma, wakaezeka kwa shaba. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ukiipasha huvaa oksidi nyeusi na kukaa mahali pake. Uzito wa risasi ulioondoka haukuziangusha kuta. Ni zaidi ya miaka 180 sasa, paa ni la kijani, na Chartres haijaacha kuwa Chartres. Sijawahi kusikia mtalii akidai nauli yake kwa sababu paa si la kijivu.

Metz ilifuata. Fataki zilizorushwa kwa heshima ya Kaisari Wilhelm I ziliwasha paa la kanisa kuu mwaka 1877, nao wakaenda na chuma na shaba. Ila shujaa wangu ni msanifu Henri Deneux. Yeye alikuwa mzaliwa wa Reims, na mji wake ulipopigwa mizinga Septemba 1914, jukwaa la mbao la mafundi lilishika moto kwenye mnara wa kanisa kuu, paa likafuata. Baada ya vita hakulilia msitu. Alichukua muundo wa zamani wa kenchi za vipande vifupi, akavimwaga vipande hivyo kwa zege la nondo, vidogo kiasi cha kubebeka, na kuviunganisha kwa kabari za mwaloni. Zege nalo si malaika: likipata joto kali maji yake hutoka na uso wake hupasuka. Lakini haliwaki, na kitu kisichowaka hakimchomi jirani yake. Deneux aliheshimu wazee kwa kuchukua akili yao na kuacha kuni zao.

Halafu kuna Nantes, na hapa sihitaji kubishana. Paa la kanisa kuu la Nantes liliungua Januari 1972, kwa moto wa fundi aliyekuwa kazini. Kenchi zikajengwa upya kwa zege. Tarehe 18 Julai 2020 moto ukazuka tena ndani ya kanisa lile lile, wa kuwashwa na mtu, na kinanda chake cha karne ya 17 kikateketea. Moto haukupata msitu wa kupanda. Kenchi za zege zilibaki, matao yakabaki. Hesabuni siku kutoka 9 Julai hadi 18 Julai. Siku tisa tu tangu kauli moja ya Paris, na Ufaransa yenyewe ikapewa jaribio la maabara lililokamilika, lenye matokeo yanayosomeka kutoka barabarani. Hakuna aliyeitisha kikao cha pili.

Siwalaumu maseremala waliochonga mialoni kwa shoka mpaka kenchi zikafanana na za karne ya 13. Kazi yao ni ya mabingwa. Hata Georgelin, aliyefariki Agosti 2023 kabla ya kuuona mlango ukifunguliwa, alitimiza alichotumwa. Wenye deni ni wale waliopewa siku moja ya kuivunja ndoa ya risasi na mwaloni. Wangeweza kuivunja upande wowote: wabaki na mwaloni wakaezeka kwa shaba, au wabaki na risasi juu ya kenchi zisizowaka. Walichagua kuifungisha tena.

Jogoo wa shaba aliyekuwa kileleni mwa mnara alianguka nao kutoka zaidi ya mita 90. Alipatikana kesho yake kwenye kifusi, amebondeka, lakini ni jogoo bado. Nani aliyekwenda kuokota risasi akaipata ina umbo la paa?

Reims wamehifadhi vichwa vya mawe vya kutemea maji ya mvua vilivyotolewa kwenye kanisa lao baada ya 1914. Risasi ya paa ilitiririka kupitia humo siku ile ya moto, na imeganda vinywani mwao hadi leo, kama ndimi. Kutoka Paris hadi Reims kwa treni ya kasi ni kama dakika 45. Wangekwenda kwanza.